Stoo Iliyojiunga Bila Kuniita

Nilianza kumwonea wivu kabla sijamwona. Mkuu wa redio yetu alikuwa amerudi kutoka Iringa, na hata koti hajavua akasimama mlangoni pa chumba cha mitambo akaniambia, "Wenzetu kule umeme ukikatika na kurudi, stoo inajiunga yenyewe. Kuna dada mmoja kaifundisha." Hilo neno dada alilitamka kwa sauti laini ambayo mimi, pamoja na miaka yote niliyomfanyia kazi, sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Nikamjibu kwamba Iringa umeme haukatiki kama Mbeya. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilisema tu ili ile sauti laini ikome.

Nieleze stoo ni nini, maana watu wakisikia stoo wanafikiria magunia. Redio yetu ni ndogo, vyumba vinne juu ya duka la mabati na misumari hapa Mbeya mjini. Kila tunachorekodi, salamu, matangazo ya vifo, wazee wakisimulia maisha yao, kinahifadhiwa kwenye sanduku jeusi lenye diski nyingi lililofungiwa chumba cha nyuma kusikoingia vumbi. Hilo ndilo tunaliita stoo. Chumba cha mbele kuna kompyuta kubwa, seva, inayoifikia stoo kwa waya wa mtandao. Mtangazaji akifungua folda ya vipindi kwenye seva, anachokiona ni vile vilivyomo stoo. Lakini betri ya akiba ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo tu seva inazimika, na ikiwaka tena inakuwa imeisahau stoo kabisa. Folda ipo pale pale, jina lile lile, ila nyuma yake, nilivyojua mimi, hakuna kitu. Lazima mtu akae kwenye kiti, aandike amri ya mstari mmoja, ndipo seva iikumbuke.

Mtu huyo nilikuwa mimi, peke yangu.

Amri yenyewe niliiandika kwenye daftari la shule la jalada la bluu, na daftari nilitembea nalo kwenye mkoba, sikuliacha ofisini hata siku moja. Juu ya seva nilibandika karatasi kwa herufi kubwa: STOO IKIKATIKA USIGUSE KITU, MPIGIE FUNDI. Sikusomea mambo haya chuoni. Niliingia redioni kuchapa barua, nikajifunza kwa kuchungulia juu ya bega la fundi wa kwanza, mkaka mmoja mwenye majivuno, mpaka siku aliyoondoka bila kuaga. Siku hiyo nilikalia kiti chake kabla hakijapoa.

Sitaficha kwamba nilipenda kuitwa. Niko sokoni Mwanjelwa nachagua viazi, umeme umekatika na kurudi, simu inaita. Naiacha iite kidogo ili mama muuza viazi aisikie vizuri. "Stoo? Hakuna aliyegusa? Haya, nakuja." Muuza viazi ananitazama na kuuliza, "Wamekwama tena?" Nami namjibu huku nafunga mkoba, "Bila mimi hao hawasemi." Nikifika redioni nakuta wimbo ule ule unazunguka hewani kwa mara ya tatu, watu wamekunja mikono, na aliyekalia kiti ananipisha kabla sijamwambia. Naandika mstari wangu, nabonyeza, vipindi vyote vinarudi. Wanashusha pumzi. Nilikuwa nasikia utamu mwilini mwote, na nyumbani nilikuwa nasimulia.

Hapo ndipo namwingiza mtangazaji wetu wa asubuhi, kwa sababu bila yeye habari hii haina miguu. Ni mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi. Babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara huku, yeye akazaliwa na kukulia Mbeya, na Kinyakyusa anakijua kuliko Wanyakyusa wengine ninaowafahamu. Miaka mitatu kabla ya hayo ninayoyasimulia, mama yangu alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa macho. Mtangazaji akampenda, akamwomba aje studio asimulie maisha ya zamani. Asubuhi ile umeme ulikatika ukarudi. Mimi nilikuwa Mwanjelwa, wakanipigia, na wakati wananisubiri wakaendelea kumrekodi mama, kwa kuwa programu ya kurekodi haikulalamika. Nikafika, nikapishwa kiti, nikaunganisha stoo. Nikatafuta kipindi cha mama ili nimchezee asikie sauti yake. Hakikuwepo.

Nilikitafuta kila mahali. Kisha nikamgeukia mtangazaji mbele ya mama yangu nikamwambia, "Umebonyeza vibaya. Umemfuta mama." Akasema amekihifadhi, ameona kwa macho yake kimehifadhiwa. Nikamwita mwongo. Mama alinishika mkono ninyamaze, sikunyamaza. Haikuwa mara ya kwanza vipindi kupotea siku za umeme kukatika, na kila mara nilisema wamebonyeza vibaya, na kila mara waliniamini, kwa kuwa fundi ni mimi. Safari hii hata mimi mwenyewe nilijiamini kupita kiasi.

Mama alirudi Tukuyu akisema atakuja tena baada ya mavuno. Hakuja. Alifariki mwezi wa mvua uliofuata, na sauti yake sikuwa nayo popote, maana simu zetu za wakati ule tulizitumia kuulizana habari tu na kukata. Tangu hapo mimi na yule mtangazaji tukawa watu wa "habari" na "nzuri", basi. Mara mbili tatu alinisogelea akaanza, "Unajua siku ile mama yako..." nikamkatisha kabla hajamaliza. Nilimwambia aniache.

Basi ndivyo nilivyokuwa siku dada wa Iringa alipopanda ngazi zetu, kaja kwa mwezi mmoja kutusaidia. Nilitarajia msichana mwenye kucha ndefu na Kiingereza kingi, nimdharau kwa raha. Kumbe rika langu, sweta limechakaa viwikoni, ana mwanya. Akatusalimia "Kamwene" kwa Kihehe cha kwao huku anacheka, watu wangu wote wakaitikia kana kwamba wamezaliwa Uheheni. Akaniletea na zawadi, kikapu cha majani ya milulu cha kwao, kizuri, kimesukwa kikakazwa. Nilikishukuru nikakisukumia chini ya meza kwa mguu.

"Dada, naomba uniongoze," akaniambia. "Mashine hii wewe ndiye unayeijua."

Huo unyenyekevu wake ndio ulionichoma. Mtu akikujia kwa kiburi unajua pa kumshika. Huyu aliomba ruhusa hata ya kuvuta kiti, na siku ya pili tu nikasikia kijana wa matangazo anamuuliza yeye kwa nini sauti inakwaruza. Mimi niko hapo hapo, nimeketi, nina masikio. Siku ya tatu mkuu alimletea chai mezani. Mimi chai nilikuwa naifuata mwenyewe jikoni, na sukari naambiwa imeisha.

Kazi aliyokuja kufanya alinieleza bila kunificha. Seva ina faili moja inayoisoma kila inapoamka, kama mtu anayesoma orodha ya kazi zake asubuhi. Humo ndani unaandika mstari unaoitaja stoo, ilipo na folda itakamofunguliwa, basi seva itaiunganisha yenyewe bila kuitwa mtu. "Tuongeze mstari mmoja tu," akasema. Mstari mmoja. Ule ule niliotembea nao mkobani miaka yote.

Aliuandika, akaizima seva, akaiwasha. Tulisimama nyuma yake wote. Seva ikaamka, akaifungua folda na kuifunga hapo hapo, kipindi cha jana alichokitafuta hakimo. Nilisema pole. Nilikwenda jikoni nikanywa chai ya tangawizi na chapati mbili, na nawaambieni chapati zile zilikuwa laini kuliko zote nilizowahi kula pale.

Nilivyorudi nilimkuta ameshajua tatizo. Seva ilikuwa inaamka haraka kuliko mtandao. Inaiita stoo wakati njia ya kuifikia bado haijafunguka, haijibiwi, inakata tamaa. Akaongeza neno moja kwenye ule mstari, la kuiambia seva isubiri mtandao kwanza. Akaizima tena, akaiwasha tena, akafungua folda. Vipindi vyote hivi hapa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mawili matatu, ya kinafiki.

Wiki hiyo hiyo nikiwa Mwanjelwa umeme ukakatika. Nilijua kwa sababu mashine ya kusaga upande wa pili wa barabara ilinyamaza. Baada ya muda ikanguruma tena. Nikatoa simu, nikaishika mkononi. Nikachagua viazi kwa mkono mmoja. Simu kimya. Nikatazama kama mtandao upo, upo. Mwishowe nikamwambia muuza viazi, "Hebu nibipu, naona simu yangu ina tatizo." Akanibipu. Ikaita vizuri kabisa, kwa sauti, watu wakageuka.

"Leo hawajakwama?" akaniuliza.

Nilinunua viazi ambavyo sikuvihitaji nikaondoka navyo, na njia nzima nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia yule mwanamke wa Iringa, maneno makali, lakini kila nikilitazama kosa lake silioni. Alichonifanyia ni nini? Ameniondolea usumbufu. Ningesema hivyo mbele ya mkuu angenipongeza.

Sasa niseme nililolifanya. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wamekwenda kula wali maharage kwa mama ntilie wa chini, nilibaki nikisema tumbo halijatulia. Nikaifungua ile faili. Mbele ya mstari wake nikaweka alama ya reli, ile ya kuandikia hashitegi. Seva ikikutana na alama hiyo mwanzoni mwa mstari inauruka kama haujaandikwa. Alama moja tu. Nikahifadhi, nikachukua kitambaa nikafuta kibodi, ili mtu akiingia ajue nafanya usafi. Sitasema nilijuta. Nilikuwa nasubiri umeme ukatike kama watoto wanavyosubiri sikukuu.

Ulikatika baada ya siku tatu, asubuhi, mvua inanyesha. Nilikuwa bado nyumbani navaa viatu. Simu ikaita. "Fundi, njoo, stoo imekatika." Nilitoka bila mwavuli.

Nilipofika, nimelowa, daftari la bluu limefichwa kifuani lisiloane, nikamkuta yeye ameshakaa kwenye kiti. Faili iko wazi mbele yake. Alama yangu ipo pale kwenye kioo, kubwa kuliko nilivyokuwa naikumbuka. Alinitazama. Akanitazama tena, polepole, kuanzia viatu vilivyojaa matope mpaka usoni. Mkuu akaingia na kuuliza kulikoni, si tuliambiwa itajiunga yenyewe?

"Kulikuwa na kasoro ndogo kwenye mstari, mkuu," akasema. "Nimesharekebisha. Haitarudia."

Mkuu akaridhika akarudi ofisini kwake. Nilisimama pale nikitamani angenitaja. Angenitaja ningekana, ningepiga kelele, ningelia, ningekumbusha miaka yangu yote pale. Aliponifichia alininyang'anya hata hilo, na nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote aliyofanya kabla.

"Nipishe niunganishe," nikamwambia. "Watu wanasubiri."

"Subiri kidogo, dada. Kabla hatujaunganisha, tuangalie kwanza kwenye folda kuna nini."

"Kuna nini? Stoo haipo, folda ni tupu."

"Tulipoiwasha siku ile sikutazama vizuri. Ilikuwa kosa langu. Leo wamesharekodi tangu umeme urudi, nataka nione vimekwenda wapi."

Akaifungua. Haikuwa tupu. Tangazo la kifo la asubuhi hiyo lilikuwa pale juu, limerekodiwa nusu saa iliyopita. Chini yake kulikuwa na mengine. Ya mwaka jana. Ya mwaka juzi. Salamu, mahojiano, mzee wa Chunya akieleza walivyokuwa wanachimba dhahabu kwa sururu, kile kipindi ambacho nilimwambia kijana wa matangazo kwamba amekipoteza kwa uzembe. Orodha ilishuka na kushuka.

Alitueleza wote waliokuwa chumbani, bila haraka. Stoo isipounganishwa, kinachorekodiwa hakipotei, kinakaa kwenye sakafu ya seva yenyewe, ndani ya folda ile ile. Ukija ukaunganisha stoo, inatandikwa juu yake, mithili ya mkeka unaotandikwa juu ya mahindi. Mahindi yapo, ila hayaonekani tena. "Kwa hiyo kila mara aliyekuwa akiunganisha bila kutazama alikuwa anafunika," akasema. Hakutaja mtu. Lakini pale ukutani karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa, inasema usiguse kitu, na kila aliyekuwemo alijua aliyekuwa akiunganisha ni nani.

Kijana wa matangazo alitazama viatu vyake. Dada wa Iringa akavaa hedifoni, akaanza kufungua vipindi kimoja kimoja ili avihamishe na kuvipa majina. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, nguo zinanivuja maji, nikifikiria jambo moja ambalo sikutaka kulifikiria.

Baada ya muda akatabasamu peke yake, akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu mama nani? Ana kicheko kizuri huyu."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilimvua hedifoni kichwani bila kumwomba, hata hereni yake ikanasa nikaivuta. Nikavaa mimi.

Mama yangu alikuwa anacheka. Alikohoa kidogo, akaomba maji, nikasikia glasi ikiwekwa mezani. Akaeleza jinsi alivyokuwa anabeba mikungu ya ndizi akiwa na mimba yangu, na jinsi alivyoteleza siku moja kwenye utelezi wa Tukuyu akaangukia ndizi, akaogopa ameniua. Hilo hakuwahi kunisimulia. Mtangazaji akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanao tumeshampigia, anakuja sasa hivi." Mama akajibu kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, ile ya kumsema mtu unayempenda akiwa hayupo: "Huyu mwanangu wanamsubiri kama mvua. Wananiambia akifika yeye ndipo vilivyopotea vinaonekana."

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena. Dada wa Iringa alikuwa ameinama karibu, sauti inavuja kwenye hedifoni.

"Hapo anasema nini?" akauliza. "Kinyakyusa sikijui."

"Anasalimia watu wa kwao," nikasema.

Alikuwa ameshaisikia sauti ya mama yangu kabla yangu. Ameisikia akicheka, mimi niko pembeni nakauka. Maneno yale sikutaka ayapate na yeye.

Niliomba anihamishie kipindi kile kwenye simu, nikaenda nacho chumba cha pili alikokuwa mtangazaji wa asubuhi, anapanga karatasi zake. Sikumsalimia. Nilimvalisha hedifoni nikabonyeza. Alisikiliza amefumba macho, na pale mama alipoanza Kinyakyusa, nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anayasema maneno pamoja na mama, bila kukosea hata moja.

"Unayajua," nikasema.

"Nilitaka kukuambia siku ile ile. Nikataka tena siku ya msiba." Akazivua hedifoni. "Hukunipa nafasi."

Miaka mitatu nilikuwa nampita kwenye korido kila asubuhi, na yeye ameyabeba. Watu wawili wote walikuwa na sauti ya mama yangu kabla yangu, na wote wawili nilikuwa nimewanunia. Nikamwambia, "Nisamehe, dada." Akasema alishanisamehe kitambo, shida ni kwamba nilikuwa simwitikii.

Nilipogeuka, dada wa Iringa alikuwa mlangoni, amenifuata na sweta lake mkononi ili nijifunike. Alikuwa ametusikia.

"Kumbe hakuwa anasalimia," akasema taratibu.

Mtangazaji akanitazama usoni, anauliza kwa macho. Ningeweza kumkonyeza anyamaze, na angenyamaza, nina hakika. Nilipokea sweta nikalishika tu.

"Mwambie," nikasema.

Akamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwamba mwanangu wanamsubiri kama mvua, akifika yeye ndipo vilivyopotea vinaonekana. Nilimkazia macho yule mwanamke nikisubiri acheke. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.